Nazi ya Durban

Mwaka 2003 nilikuwa Durban, nikiishi kwa vibarua vya bandarini kama vijana wengi wa Bongo waliozamia meli. Asubuhi moja ya Novemba, upepo wa mashariki ukiwa umevuma usiku kucha, niliokota nazi ufukweni. Nazi kamili na makumbi yake, imeotwa na vile vidude vyeupe vya shingo laini vinavyong'ang'ania chochote kilichokaa sana baharini. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

"Hii ya kwetu," nikamwambia mzee wa Kihindi, mvuvi wa juya, ambaye sote tulimwita Anko.

Mimi mtu wa Kilwa. Kwetu mkondo unapanda kaskazini mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi. Dau likikatika kamba, hulitafuti Mtwara. Anko akachora mchangani kwa kidole cha mguu: maji yanakuja kutoka mashariki, yakifika karibu na mpaka wetu na Msumbiji yanagawanyika. Tawi moja linakwenda kwetu. La pili linapita kati ya Madagascar na bara, linateremka mpaka huku. Kwa hiyo nazi yangu ilikuwa ya Msumbiji. Nilinuna.

"Siyo nazi tu," akasema.

Tarehe 28 Novemba 1942, nyambizi ya Kijerumani U-177 iliipiga meli ya Waingereza, Nova Scotia, kaskazini ya pale. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, wengi Waitaliano waliotekwa Eritrea. Manowari ya Wareno ilitoka Lourenço Marques, Maputo ya sasa, ikaokota wasiofika 200. Waliobaki waliteremka na mkondo. Ule mkondo, Anko alisema, hauleti kitu mchangani, unapita nje tu. Anayemalizia kazi ni upepo wa mashariki. Siku chache baadaye maiti zikaanza kutupwa kwenye fukwe za Durban. Baba yake alikuwa akivuta juya hapohapo. Alikaa miezi hali samaki, na riziki yake ndiyo hiyo.

Nikatafuta pa kuifulia nazi. Nani ana kifuo Durban? Nikaibamiza kwenye ukingo wa zege mpaka makumbi yakaachia, nikaivunja. Ndani joya, lile bonge laini la nazi inayoanza kuota, jeupe, limejaa tele. Nikamkatia Anko nusu.

Alilishika kiganjani muda mrefu, akalinusa, kisha akanirudishia.