Siku yangu na sindano ya mapele ngozi, Rungwe

Saa 11 alfajiri Tukuyu ni ukungu mtupu. Nachemsha sindano, napanga chanjo ya mapele ngozi, ule ugonjwa wa ng'ombe, kwenye boksi la barafu, nakunywa chai ya rangi na ndizi zilizolala, nampigia kijana wa bodaboda. Watu wanadhani afisa mifugo anashinda ofisini akigonga mihuri ya vibali. Natamani!

Saa 1 hadi saa 4 ni banda kwa banda migombani. Mililita 1 chini ya ngozi ya shingo, andika, haya, twende. Mama mmoja kanifungashia maparachichi. Ndaga fijo, mama.

Saa 4 na nusu tukaingia kwa mzee mmoja, na hapo ndipo siku ilipokwama.

Friesian wake alikuwa amesimama kichwa chini, mapele magumu ya duara yamejaa shingoni hadi kwenye kiwele, tezi ya bega imevimba. Maziwa yamekatika. Nikamwambia mzee: ng'ombe huyu hachanjwi, tunamtenga, namtibu vidonda visioze na homa ishuke; chanjo ni ya mitamba wawili walio wazima.

"Mchome huyuhuyu anayeumwa, dokta. Hao wazima wana shida gani?"

Chupa ya chanjo nilikuwa nimeshaichanganya. Ikichanganywa ina saa chache tu, na jua lilikuwa limeanza kutoboa ukungu. Mzee akavuta kigoda, akakaa.

"Halafu nieleze. Ng'ombe wa jirani, wa kienyeji, hana hata kipele. Inzi ni walewale. Hapa kuna mtu katia sumu kwenye mabingobingo yangu."

Sikumcheka. Ugonjwa huu ulipoonekana mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, ng'ambo tu ya mpaka wetu, wataalamu wenyewe walidhani ni sumu ya mimea, wengine wakasema ni mzio wa kuumwa na wadudu. Baadaye ndipo ikajulikana ni kirusi cha ukoo wa ndui, na wadudu wanaouma ndio wanaokibeba.

Nikamsimulia habari za panya wa maabara. Nao wana ndui yao, iliyogunduliwa London mwaka 1930. Ukiwaambukiza panya weusi wa ukoo wa C57BL/6, wengi hata huwajui kama wanaumwa. Ukiwapa kirusi hichohicho wale weupe wa BALB/c, au wa kahawia wa DBA/2, wanakufa. Chakula kimoja, chumba kimoja. Tofauti ni damu waliyozaliwa nayo: yule mweusi ana askari wa mwilini wanaowahi kuua seli zilizoingiwa, kabla kirusi hakijaliharibu ini. Na ng'ombe wa kisasa kwa kawaida huumwa vibaya kuliko wa kienyeji.

"Kwa hiyo mimi nafuga panya weupe."

"Ndiyo, baba. Tena yule mweusi anaweza kukibeba kirusi bila dalili akawaambukiza wenzake. Ndiyo maana nataka na wa jirani achanjwe."

Akanyamaza. Nikavuta sindano. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Nikipandisha wa kwangu kwa dume la kienyeji?"

Swali zuri, sema muda ndio uliokuwa mbaya. Kwa panya, ukimchanganya mweusi na DBA/2, watoto wa kwanza wanarithi ule ugumu wa mweusi wa kutoumwa. Lakini ng'ombe si panya, na chotara huyo hatakupa maziwa ya mama yake. Chanjo ni rahisi kuliko kusubiri ndama akue. Basi tukarudi palepale: kwa nini asichomwe anayeumwa? Mke wake ndiye aliyetuokoa, alitoka jikoni na kamba, akamfunga mtamba wa kwanza mwenyewe.

Tulitoka hapo jua la utosi. Jirani alikuwa ameenda mnadani na ufunguo wa banda. Mvua ikatukuta njiani, pikipiki ikagoma kwenye utelezi, nikateremka na boksi kichwani. Mabanda ya mchana siyakumbuki vizuri, ila teke moja la paja nalikumbuka.

Usiku naandika ripoti. Fomu ina sehemu ya waliochanjwa na ya chanjo iliyoharibika. Ya mafuta ya pikipiki hakuna, hayo yanatoka mfukoni kwangu. Simu ikaita, ni yule mzee: mtamba ana kinundu palipochomwa sindano. Nimemwambia hiyo ni kawaida, asikikande, na amwambie jirani kesho aache ufunguo.