Kuandika tanzia na wasifu wa marehemu

Msibani huandikwa vitu viwili, navyo visichanganywe. Tanzia hutoka mara moja: nani amefariki, lini, msiba uko wapi, anazikwa lini na wapi. Wasifu, ambao wengi huuita historia fupi ya marehemu, husomwa wakati wa kuaga. Kwa Waislamu mazishi huwa ya haraka, mara nyingi siku ileile baada ya Adhuhuri au Alasiri, hivyo tanzia ndiyo hubeba mzigo mkubwa na historia ndefu inaweza kusubiri hitma.

Kwenye tanzia usiandike "kesho". Ujumbe wa WhatsApp huzunguka siku kadhaa, na "kesho" ya Ijumaa ikisomwa Jumapili itamkosesha mtu mazishi. Andika siku, tarehe, na "saa 7 mchana" kwa ukamilifu, maana 7:00 tupu aliye ughaibuni ataisoma kuwa ni asubuhi. "Tabata" peke yake haimfikishi mtu msibani. Taja kituo cha daladala na mahali pa kukata kona. Vivyo hivyo makaburi, yatajwe kwa jina: Kinondoni, Kisutu, Ununio. Namba ya rambirambi iwe moja, pamoja na jina lililosajiliwa, kwa sababu ujumbe unaosambazwa ni rahisi kubadilishwa namba njiani.

Weka pia jina la mtaani. Majirani wa Temeke wanaweza kuwa wamemjua kwa jina la Mama Asha tu miaka yote, wakapita kwenye tanzia yake bila kujua ni yeye. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kisha "maarufu kama Mama Asha".

Kwenye wasifu, miaka na mahali huleta makosa mengi. Mkoa wa Njombe ulianza rasmi mwaka 2012. Aliyezaliwa huko 1975 alizaliwa mkoa wa Iringa, kwa hiyo andika "Njombe, wakati huo mkoa wa Iringa". Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitegemea mwaka 1970. Aliyehitimu 1968 alisoma hapohapo Mlimani, lakini chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, andika "inakadiriwa". Hakuna aibu.

Sehemu inayoumiza watu ni watoto. Kabla ya kuandika mstari huo, kaa na mzee mmoja wa upande wa baba, mmoja wa upande wa mama, na mjane au mgane, mkubaliane orodha kwa mpangilio wa kuzaliwa. Waliotangulia mbele ya haki wahesabiwe na wasemwe. Aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto. Kumruka mbele ya waombolezaji huku ameketi palepale ni ukatili, na sioni msamaha wake. Familia isipoafikiana, andika "ameacha watoto na wajukuu" bila majina wala idadi. Idadi pungufu ni mbaya kuliko kutotaja kabisa. Wasifu si hati ya mirathi, lakini karatasi ile hutunzwa, na aliyerukwa hataisahau.

Ugonjwa uwe sentensi mbili. Kwamba aliugua na akalazwa yatosha. Jina la ugonjwa litajwe tu kwa ridhaa ya familia.

Vyeo navyo vifupishwe, nafasi ibaki kwa mtu mwenyewe. "Alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu" husomwa kwa kila marehemu. Tafuta mambo mawili matatu aliyoyafanya: aliweka hazina ya kikoba cha mtaa na hesabu haikupotea, alfajiri aliwaamsha watoto wa nyumba nzima, wake na wa wapangaji, waende shule. Waulize aliofanya nao kazi na aliosali nao. Ndugu hujua ukoo, wao hujua siku zake.

Wasifu wa kama maneno 400 husomwa kwa dakika nne hivi. Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, mistari iachane. Usisomee kwenye simu: kioo huzima, na siku hiyo simu haziachi kuita. Nakala ya pili ishikwe na mtu wa karibu anayefuatilia mstari kwa mstari, ili sauti ya msomaji ikikatika aendelee palepale. Na kama msomaji ni wa kabila jingine, afundishwe mapema kutamka majina ya ukoo na ya kijiji.