Kola Inayofura

Jumamosi, saa nne usiku. Jioni hii kola ilikuwa juu ya kiti cha jikoni, imenywea kama puto la juzi. Leo imenitia aibu mara mbili.

Wazo lilitoka kwa bunju. Utotoni tulikuwa tukimwona kwenye nyavu za wavuvi, ametuna mpaka macho yanataka kutoka, na mtu mzima mmoja kila mara alisema, "Kama fulani akinuna." Lugha yetu ishafanya nusu ya kazi hii: mwenye hasira hufura, mwenye kiburi huvimba, aliyetishwa hunywea. Nikataka vazi litakaloyasema hayo bila mimi kufungua mdomo.

Kushona hakukufaa. Kila tundu la sindano ni mlango wa hewa. Nikapata tiara iliyochanika, zile kubwa wanazoteleza nazo juu ya maji Diani wakati wa kaskazi. Ndani ya ukingo wake wa mbele mna kibofu kirefu cha plastiki kilichoundwa kushika hewa. Nikakikata, nikakiunga kwa pasi, karatasi ya kuokea juu na chini ili plastiki isigande. Pasi ikiwa baridi, kiungo hakishiki. Ikizidi moto, tundu. Vipande vitatu vimekwenda na maji kabla sijaujua mkono wangu.

Tena kuna hesabu ambayo hakuna aliyeniambia. Mrija uliolala bapa una upana wa sentimita 15, ukiujaza hewa unakuwa na kipenyo cha tisa na nusu tu. Kitambaa hakiongezeki, kinazunguka. Kola ya kwanza, iliyonikaa vizuri ikiwa bapa, ilipojaa ilinikaba. Nilikuwa peke yangu ndani, nikicheka na kutafuta mkasi.

Hii ya sasa niliitia pampu ndogo ya betri, ya kujazia godoro la hewa, na kihisi cha mawimbi ya sauti kifuani. Mtu akikaribia chini ya sentimita 45, pampu inawaka. Kipimo hicho ni cha Edward T. Hall, Mmarekani aliyeandika mwaka 1966 kuhusu masafa ambayo watu huachiana: chini ya hapo ni pa wapenzi na wa ndani kabisa. Kwenye karatasi kilionekana safi.

Asubuhi nikavuka nayo Likoni. Mwenye kuijua feri ya asubuhi ashacheka. Mgongo wa mtu uko usoni pako, gunia la mtu liko mguuni, kiwiko cha mwanafunzi kiko mbavuni. Pampu iliwaka kabla hatujang'oa, ikanguruma kama blenda, haikunyamaza mpaka betri ilipokata katikati ya maji. Kina mama wakanitazama kwa huruma. Kijana mmoja akauliza kama hilo ndilo boya jipya la serikali. Na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekuwa amenikosea. Tulikuwa tunavuka tu.

Aibu ya pili ilikuwa nyumbani. Betri nimeijaza, kola nimeivaa tena, Halati, dada wa mama yangu, anaingia. "Ndoo mwanangu, siku nyingi!" Mikono ameifungua. Kola ikamfurikia usoni. Akarudi nyuma hatua, mtandio ukamwanguka. "Kwani mie nimekufanya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba kihisi hakimjui halati wala mkorofi?

Kuna mbuni Mholanzi, Anouk Wipprecht, aliyetengeneza gauni lenye miguu ya buibui mabegani. Ukimsogelea aliyelivaa kwa pupa, miguu inanyanyuka kukutisha. Nililipenda sana. Ila leo usiku, nikikunja nyaya, nimekumbuka buibui la kwetu, lile la nguo. Bibi yangu alilivuta ukingo wake kwa vidole viwili kupita penye baraza la wanaume, na akiingia uani kwa wenzake aliuachia, hata hakukatiza maneno. Mita tatu kwa huyu, sufuri kwa yule. Kipimo kilikuwa vidoleni mwake.

Kihisi nimekitoa. Pampu pia. Mahali pake nimeweka ule mpira wa kubinya wa mashine ya kupimia presha, wenye kiskurubu cha kuachia hewa, nimeupitisha ndani ya mkono wa dera ili nibinye bila kuonekana. Mpaka kola ijae ni mibinyo 62, nimehesabu. Ni mingi mno. Hasira gani inayosubiri 62? Lakini inapanda polepole, na aliye mbele yako anaiona ikija. Hilo limenipendeza kuliko nilivyotarajia, ingawa sauti ya pumzi ile, fyu, fyu, bado inachekesha.

Joto sijalitatua. Plastiki shingoni, mwezi wa pili, Mombasa: jasho linatiririka ndani mpaka kwenye mgongo. Nitajaribu kutandika kipande cha leso chini yake.

Halati ndiye aliyeijaribu wa kwanza, kwa kuwa alikataa kuondoka bila kufidiwa. Alibinya mara ishirini hivi, akaniangalia kwa jicho la pembeni, akabinya tena, kisha akaegemea ukuta. "Yafaa hii," akasema. Sasa amelala nayo sebuleni, shingo imekaa vizuri juu ya hewa ya nusu kola. Nasikia kiungo cha kushoto kinavuja.