Alifu aliiona, fatha hakuiona

Mwaka jana Ustadhi aliniambia mwanangu anaruka irabu akisoma Kurani. Ana miaka 8, nusu ya Juzuu Amma ameihifadhi, lakini akifunguliwa msahafu anababaika. Nilirudi nyumbani, hapa Langoni, nikamgombeza. Nilimwita mvivu. Neno hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu alinijibu vizuri kabisa nami sikumsikiliza: "Alifu naiona, mama. Vile vijistari vya juu na vya chini ndivyo vinavyopotea."

Alifu imesimama. Fatha na kasra, ndivyo vile vijistari vya irabu, zimelala.

Kwenye kliniki ya macho alionyeshwa mistari iliyotawanyika kama miale ya jua. Uliosimama aliuona mweusi tii, uliolala, akasema, "una moshi." Kisha akatiwa matone ya kupanua mboni, na daktari akawa anapitisha mwali wa taa ndogo jichoni huku akibadilisha vioo. Hapo mtoto haulizwi kitu, jicho lenyewe linajibu.

"Ni astigimatizimu," akasema daktari.

Nilielewa nilipofika jikoni. Upawa wangu wa kifuu umebinuka sawasawa pande zote, na ndivyo inavyotakiwa iwe konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kijiko cha chai kimebinuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Konea za mwanangu ni za kijiko: mwanga haukutani mahali pamoja, sehemu yake inatua kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nyingine inatua kabla ya kufika. Wengi huzaliwa nayo. Simu haikuileta, ingawa majirani wote waliilaumu.

Watu wazima wanaweza pia kuvaa lenzi juu ya jicho au kufanyiwa upasuaji wa leza. Yeye alipewa miwani. Karatasi yake ina nguvu ya kioo, halafu digrii, kati ya 1 na 180, zinazoonyesha kioo kielekee wapi.

Digrii hizo usizidharau. Mwanangu alichagua fremu za duara, na baada ya wiki mbili akaanza tena kukunja uso na kuumwa kichwa. Skrubu ilikuwa imelegea, kioo kikazunguka ndani ya fremu pasipo mtu kujua. Kikipotoka digrii 10 tu, theluthi ya msaada wake imekwenda. Kikifika 30, umekwenda wote.

Fundi alikirudisha mahali pake akakaza skrubu. Nami nikatia nukta ya rangi ya kucha ukingoni mwa kioo na nyingine kwenye fremu. Kila alasiri, kabla hajatoka kwenda chuoni kwa Ustadhi, namsimamisha mlangoni niangalie kama nukta zinatazamana.