Kumbukumbu ya Demani: Montargis hadi Briare

Jana saa kumi jioni tumefunga kamba za Demani, boti letu, hapa Briare, Ufaransa. Ni siku sita tangu tuondoke Montargis, safari ambayo kwa gari haimalizi saa moja. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya injini, basi nianzie hapo.

Siku ya pili, kabla ya Châtillon-Coligny, sindano ya joto ilitoka 80 ikapita 95. Nikachungulia tezini, nyuma ya boti: moshi unatoka, maji hayatoki. Demani huvuta maji ya mfereji kupozea injini, kisha huyatema pamoja na moshi, kwa hiyo moshi ukitoka mkavu hakuna la kusubiri. Nikazima. Tukajisukuma kwa upondo hadi ukingoni, Mama Salma, mwenzangu wa safari, akashuka na nyundo, akapigilia vigingi viwili ardhini, tukafunga.

Chujio lilikuwa safi. Nikafungua pampu. Ndani yake hukaa impela, kijigurudumu cha raba chenye mabawa sita. Manne yalikuwa yamekatika kwenye shina. Matatu nikayakuta humo humo. La nne halikuwepo, na kipande cha namna hiyo hakiachwi, maana kitakwenda kuziba vijibomba vya kipozeo na injini itachemka tena. Nikafungua mpira wa maji mmoja baada ya mwingine mpaka nikaliona limekwama upande, mdomoni mwa kipozeo, nikalitoa kwa koleo. Kosa ni langu, la majira ya baridi: niliiacha impela pampuni miezi mitano bila maji, mabawa yakakaa yamepinda na raba ikakakamaa. Mwaka huu naitoa Novemba. Mpya tulikuwa nayo kwenye kasha la vipuri, na saa tisa alasiri tukaendelea, kilomita 6 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mfereji huu.

Rogny ndipo nilipopangoja tangu nilipoanza kuchora ramani ya safari hii. Kazi ya mfereji wa Briare ilianza 1604, enzi ya mfalme Henri IV, ili kuunganisha mito ya Loire na Seine. Mfalme aliuawa 1610, kazi ikalala, ikaja kumalizika 1642. Kilima cha Rogny walikipanda kwa loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti, saba zilizoshikana kama ngazi. Tangu 1887 boti hupita loki mpya pembeni, na zile saba zimebaki na mawe yake, wazi kwa kila mtu. Jioni nilizipanda kwa miguu, polepole, huku nikipapasa kuta. Watu walichonga haya kwa mikono, kusudi chombo kiupande mlima.

Asubuhi yake mlinzi wa loki akatuambia tungoje boti la nyuma, tuingie pamoja. Tukangoja saa moja na nusu. Nilielewa sababu nilipopiga hesabu. Chumba cha loki za hapa, kwa kipimo cha Freycinet, kipimo rasmi cha mifereji ya Ufaransa cha 1879, ni mita 39 kwa 5.2. Ukipandishwa mita 3 tu, umetumia zaidi ya lita 600,000, na zote zimeshuka kutoka juu. Kileleni, sehemu ya juu kabisa ya mfereji, maji hutoka kwenye mabwawa. Kiangazi yakipungua, ndiyo boti hukusanywa hivi mbili mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 walijenga hata mtambo wa mvuke Briare, uyapandishe maji ya Loire hadi kileleni.

Mimi nimekulia Tanga, ambako chombo hungoja kusi, kaskazi, maji kujaa na kupwa. Hapa hayajai wala hayapwi mpaka mtu afungue lango, na kila afunguapo kuna akiba inayopungua. Tangu siku ile nikikuta loki imefungwa sinung'uniki. Naweka birika jikoni.

Kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, sasa ni ya Mama Salma kabisa. Huizungusha mara moja kwenye nguzo, haifungi, na maji yakichemka chini yetu huivuta kidogo kidogo boti linavyopanda. Ukutani panabaki ukoga mbichi na konokono wadogo, mkono mmoja tu kutoka dirishani.

Leo alfajiri tumevuka daraja la maji, linalobeba mfereji juu ya mto Loire. Ni karai la chuma la urefu wa mita 662, lililofunguliwa 1896. Kabla yake boti zilikatiza Loire yenyewe huko Châtillon-sur-Loire, katikati ya mkondo. Upana wa karai ni wa boti moja, kwa hiyo unahakikisha kwanza upande wa pili hakuna anayekuja. Mama Salma alishika usukani. Mimi nilisimama omo, chini yangu maji ya mfereji yametulia, na chini zaidi Loire inakwenda zake kati ya mafungu ya mchanga. Mwewe mmoja alipita chini yetu.

Sindano ilisimama 80 mwanzo hadi mwisho. Kesho natia grisi kwenye shafti ya rafadha (panga linalosukuma boti), matone ngamani, chini kabisa ndani ya boti, yameongezeka kidogo, kisha tunaelekea Sancerre.