Sare ya barabarani, sura ya nyumbani

Shemeji yangu ni askari. Leo jioni kapita hapa mtaani kwetu Sakina akitoka zamu, tukala ndizi nyama, maneno yakaangukia kwenye simu. Anasema siku hizi ukimsimamisha bodaboda, hujamwomba hata leseni, simu tatu zimeshanyanyuliwa.

"Shemeji, kurekodiwa nikiwa kazini siogopi," akaniambia. "Naogopa sura yangu ikizunguka kwenye magrupu, halafu mtu niliyemkamata akamfuate dada yako kule gengeni."

Akauangalia mlango. Watoto walikuwa wanacheza uani.

Hofu hiyo ni ya kweli, na siidharau. Ndiyo pia inayozaa sheria za kuzuia picha. Uingereza walianza kutumia kifungu kipya Februari 16, 2009: ukikusanya au ukichapisha habari za askari zinazoweza kumfaa gaidi, wakati huo ungeweza kufungwa hadi miaka 10. Kamera haikutajwa, lakini wapiga picha waliona kinakoelekea. Siku hiyohiyo walijaa na kamera zao mbele ya makao makuu ya polisi wa London.

Wiki sita baadaye, Aprili 1, muuza magazeti Ian Tomlinson alifariki katikati ya jiji hilo, siku ya maandamano dhidi ya mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa. Taarifa ya kwanza ya polisi haikusema kama askari alimgusa. Kisha ikatoka video ya mpita njia: Tomlinson anatembea, amewapa askari mgongo, mikono iko mfukoni, anapigwa rungu na kusukumwa chini. Uchunguzi wa kifo mwaka 2011 ulisema aliuawa kinyume cha sheria. Askari yule mahakama ilimwachia mwaka 2012, lakini kazi aliipoteza. Bila ile video, tungebaki na taarifa ya kwanza.

Ufaransa mwaka 2020 walitaka kile hasa anachokitaka shemeji: kumwadhibu anayesambaza sura ya askari kwa nia ya kumdhuru. Mei 2021 Baraza la Katiba, chombo kinachopima kama sheria inaendana na katiba, likakifuta kifungu kwa sababu kosa halikuelezwa waziwazi. Hapo ndipo ninapokwama mimi pia. Nia ya mtu aliyeshika simu kandokando ya barabara, nani ataisoma? Ni askari yuleyule anayerekodiwa, na pingu anazo yeye.

Na sisi tunayo ya kwetu. Septemba 2, 2012, kule Nyololo, Iringa, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Ipo picha inayomwonyesha katikati ya askari muda mfupi kabla hajafa. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Nikiifikiria picha ile nashindwa kabisa kuunga mkono sheria ambayo ingemfanya aliyeipiga aishushe kamera.

Shemeji nimemwambia hivi: atakayekufuata nyumbani, au atakayeanika unapoishi na jina la mtoto wako, huyo ashtakiwe, na mimi nitakuja kutoa ushahidi. Lakini barabarani, ndani ya sare, unafanya kazi ya umma na umma una haki ya kukuona. Tena siku dereva akisema umepokea rushwa na hukupokea, hizo simu tatu ndizo zitakazokutetea.

Hakukubali yote. Alichosema ni kwamba wengi kazini hawajawahi kuambiwa wafanye nini mtu akiwarekodi, kila mmoja anaamua kwa hasira za siku hiyo. Hilo linatibika kwa mafunzo, wala halihitaji sheria mpya.