Jinsi nilivyozuia taa ya baiskeli isiiname usiku

Kila nilipoteremka usiku kwenye njia za mawe za mlima Loleza, juu ya mji wa Mbeya, taa ya usukani iliinama kidogo kidogo hadi ikamulika gurudumu la mbele badala ya njia. Kukaza skrubu hakukusaidia, kwa sababu kibanio kilitengenezwa kwa kipenyo cha milimita 31.8, ambacho usukani wangu unacho katikati tu, nami nilikuwa nimekifunga pembeni, mahali unapopungua. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu, nikakizungusha kwenye usukani mara mbili, kisha nikafunga kibanio juu yake. Mpira huzuia kuteleza na hupunguza mtikisiko. Taa ya pili niliifunga kwenye kofia, imulike kona kabla usukani haujageuka, ingawa ukungu ukishuka ninaizima, kwani mwanga wake hunirudia machoni.